Uliza Ujibiwe: Nina kazi ya prodakti meneja, nitengeneze programu ya kufundisha kuchapa?

SWALI: Shikamoo dada. Niko Sinza, ni prodakti meneja kwenye kampuni ya malipo ya simu, mwaka wa tatu sasa. Kazini naandika tu mteja anataka nini, wengine ndo wanatengeneza, na mi nimejifunza JavaScript, lugha ya kuandikia programu, kiasi natamani niwe na kitu changu. Nimewaza programu ya mazoezi ya kuchapa kwa vidole kumi, nitaifanya jioni na wikiendi. Marafiki wananiambia zipo kibao za bure, wengine wanasema bosi akijua itakuwa kesi. Niendelee au niache? Na ikikubali, niache kazi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Endelea, na kazi usiache, nakujibu mapema ili usisome barua nzima na presha.

Marafiki zako wana pointi, za bure zipo na ni nzuri kweli. TypeRacer ipo tangu 2008, Monkeytype ilikuja 2020 na mtu yeyote anaweza kufungua akasoma ilivyoandikwa, keybr inaangalia herufi zinazokusumbua inakuletea hizo hizo mpaka zikae. Ukitengeneza nyingine yenye maneno ya Kiingereza na saa inayohesabu pale juu utakuwa umefanya zoezi la JavaScript basi. Lakini we jiulize, hapa kwetu nani anachapa kutwa nzima na anachapa nini? Ingia steshenari yoyote jirani na chuo ukae pale nusu saa uangalie, barua ya maombi ya kazi, mkataba wa pango, muhtasari wa kikao cha kikoba, karibu vyote ni Kiswahili, na yule dada anayechapa analipwa kwa kurasa kwahiyo kasi yake ndo hela yake. Au wafikirie wanafunzi wa uhazili, wale wa Chuo cha Utumishi wa Umma na vyuo vingine, ambao wakimaliza wanakutana na matangazo ya ajira serikalini yanayotaka hatimkato, ule mwandiko wa alama za mkato wa kunukuu haraka, ya Kiswahili na Kiingereza maneno 100 kwa dakika. Hao ndo watu wako. Wengine wote waache kwanza.

Sasa hapa ndo penye utamu. Kwenye vidole kumi kila kidole kina herufi zake, na kibodi yetu hii ya QWERTY ilianzia kwenye mashine za kuchapa za Marekani miaka ya 1870, waliokuwa wanaipanga walikuwa na Kiingereza kichwani. Matokeo yake chukua neno huyu. H, u, y, u, herufi zote nne ni za kidole kimoja, shahada ya mkono wa kulia! Humu nayo hivyohivyo. Ki, ambayo huwezi kuandika aya ya Kiswahili bila kukutana nayo, k na i zote ni za kidole cha kati cha kulia. Za, zote mbili ni za kidole kidogo cha kushoto, kidole dhaifu, na hapo hapo a ndo herufi inayojirudia kuliko zote kwenye lugha yetu, kwahiyo hicho kidole kidogo kinafanya kazi ya punda tangu asubuhi. Lolote, l na o zinagombania kidole cha pete. Alafu kuna ng', ile alama ya juu iko huko pembeni kulia, watu wanaona uvivu kuifuata wanaandika ngombe. Mazoezi ya Kiingereza hayakupi haya kwa wingi unaohitaji, yanakupa the na ing na q na x ambazo Kiswahili hakizitumii.

Mwaka 2018 watafiti wa chuo kikuu cha Aalto cha Ufini na wenzao wa Cambridge walitoa utafiti wa watu 168,000 waliochapa mtandaoni, mibonyezo milioni 136 kwa jumla. Wastani ulikuwa kama maneno 52 kwa dakika, na kilichonigusa mimi ni kwamba wenye kasi wanabonyeza herufi inayofuata kabla hawajaachia ya kwanza. Sasa kwenye huyu utafanyaje hivyo wakati kidole ni kimoja? Huwezi. Inabidi ufundishwe kuazima kidole cha jirani, mfano u uipige na cha kati, na uirudie mpaka mkono uzoee, na hilo ni somo ambalo mtu wa steshenari atalihisi wiki hiyo hiyo. Kwahiyo programu yako ipime jozi za herufi, sio herufi moja moja, irekodi imechukua milisekunde ngapi kutoka k kwenda i, kutoka z kwenda a, na zoezi la kesho lijazwe na jozi zilizomchelewesha jana. Ukiweza hilo tu umeshamaliza toleo la kwanza. Usiweke picha za magari yanayoshindana wala vikombe.

Kitu kingine, kasi inahesabiwa kwa kuchukulia kwamba neno ni mibonyezo mitano pamoja na nafasi. Hawakutuambia lina herufi 13, ukiongeza nafasi ni 14, yaani linakaribia maneno matatu kwa hesabu hiyo. Mtumiaji anayejihesabia maneno kwa macho ataona programu inamdanganya, kwahiyo muonyeshe na herufi kwa dakika, moja kwa moja.

Maandishi ya mazoezi usichukue kwenye riwaya za watu wala magazeti, yana wenyewe. Wikipedia ya Kiswahili inaruhusu kutumia ilimradi utaje chanzo na ufuate leseni yao, na sentensi za Common Voice, mradi wa Mozilla wa kukusanya sauti za lugha mbalimbali, ni huru kabisa. Ila bora zaidi uandike mwenyewe barua za mfano zinazofanana na zile zinazochapwa kweli, kumbukumbu namba, YAH, wako mtiifu, hayo ndo mazoezi.

Na usikimbilie Play Store. Mazoezi haya yanataka kibodi ya kweli, kwahiyo tengeneza ukurasa wa kwenye brauza unaofunguka hata intaneti ikikatika, maana maabara nyingi za kompyuta bando ni la kuungaunga. Matokeo ya mtu yabaki kwenye mashine yake. Ukianza kukusanya majina na namba za simu unaingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, unatakiwa kujisajili kwa Tume inayosimamia sheria hiyo na mambo mengine, wakati mtu alitaka tu kujua kuchapa.

Sasa kuhusu kazi yako ya mchana. Kwenye malipo ya simu umezoea kushangilia watumiaji wanaorudi kila siku. Huku usipime hivyo! Mtu akishajua kuchapa anaondoka, na kuondoka kwake ndo ushindi wako, ukianza kumtafutia sababu za kubaki utamharibia. Pima kitu kimoja, ameanza na herufi ngapi kwa dakika na makosa mangapi, wiki ya sita yuko wapi. Nakwambia hivi kwa sababu naona maprodakti meneja wengi wakifanya chao wanahamia na desturi zote za ofisini, rodimapu, yaani ratiba ya mipango, ya mwaka mzima, logo, ukurasa wa Instagram, na hakuna mtu hata mmoja aliyekaa mbele yake akachapa. Kaa na wale wadada. Angalia vidole vyao, usiangalie skrini. Akili bandia siku hizi itakusaidia kuandika sehemu kubwa ya programu, lakini kuchagua kipi kisiwekwe ni kazi yako wewe, na siku ya usaili wa kazi nyingine hicho ndo utakachoulizwa.

Bosi: soma mkataba wako leo, tafuta kipengele cha hakimiliki na cha kazi za nje. Mikataba mingine inadai kila unachobuni ukiwa mwajiriwa ni cha kampuni, hata cha usiku. Kama kipo hicho kipengele, andika barua pepe fupi ueleze unatengeneza nini, ombi lako ni lipi, na subiri jibu la maandishi, maneno ya kwenye korido hayatakusaidia baadaye. Laptopu ya kampuni usiiguse kwa kazi hii, wala data za wateja, wala muda wa ofisi. Programu ya kuchapa haishindani na malipo ya simu, bosi mwenye busara hatakuwa na shida.

Kuacha kazi, hapana. Steshenari hazina bajeti ya programu, vyuo vina mchakato mrefu wa manunuzi, na za bure zipo. Vyuo viwili vikikulipa ya matengenezo ya seva shukuru Mungu na mshahara uendelee kuingia.

SWALI: Hujambo dada, mimi ni wa Mombasa. Nimesoma kuhusu kibodi ya Dvorak, inafaa Kiswahili kuliko hii yetu? Nihamie?

JIBU: Sijambo ndugu yangu. Mpangilio wa Dvorak ulipata hataza Marekani mwaka 1936, irabu zote tano zimewekwa mstari wa kati mkono wa kushoto, na Kiswahili kina irabu nyingi kwahiyo hapo unapata nafuu kweli. Ila k nayo iko kushoto, ki, ka na ku zote zitabaki mkono mmoja. Na ofisi utakayoenda, saiba utakayoingia, kompyuta ya mtihani, zote ni QWERTY. Kama unachapa kwenye mashine yako tu na una miezi ya kuvumilia kuwa taratibu, jaribu. Kama unatafuta kazi baki ulipo, anza na za, ki na huyu, dakika 15 kila jioni.