Kugusa vidole vya miguu si kipimo cha yoga

SWALI: Nina miaka 41 na kazi yangu ni ya kukaa mezani kutwa. Nilianza yoga kwa ajili ya kiuno, na kweli maumivu yamepungua. Ila hadi leo siwezi kugusa vidole vya miguu. Nikiinama mwalimu hunikandamiza mgongoni, anasema maumivu ni dalili kwamba mwili unafunguka. Siku hizi nikikaa nasikia maumivu chini ya tako moja. Niongeze bidii au niache?

JIBU: Usiache, wala usiongeze. Kataa kukandamizwa, kuanzia leo.

Hapo panapouma ndipo kano za misuli ya nyuma ya paja zinaposhikana na mfupa wa kukalia. Ukiinama na magoti yamenyooka, kano huvutwa na wakati huohuo kubanwa kwenye mfupa. Akikuongezea uzito mtu mwingine, zinaelemewa. Kano hazina haraka ya kupona kama msuli, hesabu miezi. Kwa sasa kunja magoti kila unapoinama, na uziimarishe badala ya kuzivuta: lala chali, kunja magoti, nyanyua nyonga, tulia hapo sekunde 30, shuka, rudia mara chache. Maumivu madogo yanavumilika, mradi kesho yake yasiwe yamezidi.

Sasa hilo la "kufunguka". Nalisikia kwa wagonjwa kila mara, na linaniudhi kwa sababu linamfundisha mtu kupuuza onyo la mwili wake mwenyewe. Ulaini wa wiki za mwanzo kwa sehemu kubwa ni neva kuzoea mvuto, si msuli kurefuka. Maumbile ya nyonga nayo hutofautiana. Wapo watakaofanya yoga miaka kumi wasiguse vidole, na hawajapungukiwa kitu. Faida uliyoifuata umeshaanza kuipata: kiuno kimetulia. Mwaka 2017 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliitaja yoga miongoni mwa njia za kujaribu kabla ya dawa kwa maumivu sugu ya kiuno. Faida hiyo huletwa na kurudia. Dakika 15 karibu kila siku zitakufaa kuliko saa mbili za kujitesa Jumamosi.

Lakini uvumilivu hauuziki, ndiyo maana wamejaa wanaoahidi utapiga msamba ndani ya siku 30. Wengine wanakwenda mbali zaidi: eti kujipinda kunakamua sumu mwilini. Kazi hiyo ni ya ini na figo, na hazihitaji kukamuliwa. Wapo wanaomsimamisha kila mtu kwa kichwa bila hata kumuuliza kama ana presha ya macho, ilhali mkao huo unaweza kupandisha shinikizo ndani ya jicho karibu mara mbili. Wabaya kuliko wote ni wanaowaambia watu waache vidonge vya presha au sukari. Yoga inaweza kuteremsha presha kidogo. Dozi hubadilishwa na daktari aliyekupima, basi.

Maumivu yako yakianza kuteremka mguuni pamoja na ganzi, onana na daktari kabla ya kuendelea. Ukipata ganzi sehemu za siri, au mkojo ukikushinda kuuzuia au kuutoa, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.