Faili lilikuwa hapo hapo muda wote

SWALI: Habari zenu. Nimefuatilia cheti cha kuzaliwa cha mwanangu wiki 3, kila nikifika dirishani naambiwa faili halionekani, njoo kesho. Juzi karani akaninong'oneza, "mzee si ujiongeze tu". Nikakunja hela ndani ya fomu nikampa, na faili likatoka pale pale chini ya daftari lake. Cheti nimepata ila roho inaniuma, nyuma yangu kulikuwa na mama ana mtoto mgongoni anasema ni mara yake ya nne. Nimekosea? Ningefanyaje jamani?

JIBU: Pole ndugu yetu, na asante kwa kumtaja huyo mama maana jibu lote liko kwake. Faili halikupotea, lilikaliwa. Karani hakukuuzia huduma, hiyo ni haki yako, kakuuzia kukuondolea usumbufu alioutengeneza mwenyewe, na biashara ikilipa kesho anaficha mafaili mawili. Mwenye nacho anapita, yule mama anarudi mara ya tano, halafu mtoto asiye na cheti akifika shule kuandikishwa anakwama tena na huko nako mama anaambiwa ajiongeze.

Hatukulaumu sana, mtu akishika kitu cha mwanao amekukaba. Ila kisheria sehemu nyingi mtoaji na mpokeaji wote wana kosa, na wala rushwa wanalijua hilo vizuri, ndo maana hawaogopi kwamba utawasemea.

Sasa ufanyeje. Kitu kidogo kinataka watu wawili na sauti ya chini, basi vuruga hapo hapo. Usiende peke yako. Ukiombwa uliza kwa sauti ya kawaida bila ugomvi, "hiyo ni malipo ya nini, na risiti napewa wapi?" Akisema faili halipo mwombe akuandikie hivyo na asaini, utashangaa mafaili yanavyoonekana ghafla. Ukitoka nje tu andika tarehe, saa, dirisha na maneno yake kabla hujasahau.

Kule India shirika la 5th Pillar mwaka 2007 lilianza kugawa noti za rupia sifuri, ukidaiwa hongo unamkabidhi hiyo. Ni karatasi tu, lakini afisa akiiona anajua huyu ana wenzake nyuma, na mla rushwa hapendi kabisa mtu mwenye wenzake.

Kuogopa kuripoti ni haki yako pia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya rushwa wa 2003, kifungu cha 33, unazitaka nchi zifikirie kuwalinda wanaoripoti kwa nia njema, ila mkataba hausimami na wewe dirishani, kwa hiyo ripotini mkiwa kundi. Kwa hilo la kwako ulilotoa, muone kwanza mwanasheria wa msaada wa bure akwambie namna ya kulisema.

Halafu mtafute yule mama. We ndo umeona faili linakotoka, nenda naye mpaka kwa bosi wa karani.