Kabla ya Kuadhimisha Siku Ziara Ilipotangazwa, Kagua Tarehe, Tiketi na Kanda

Siku bendi ya roki inapotangaza ziara, kwa kawaida hakuna anayepiga gita. Wapo waliovunja desturi hiyo: tarehe 1 Mei 1975 waandishi wa habari walikuwa hotelini Fifth Avenue, New York, wakisubiri mkutano, The Rolling Stones wakapita nje juu ya lori la wazi wakipiga muziki. Bendi nyingi, hata hivyo, hutoa orodha ya miji na tarehe, basi. Shabiki anayerudi kwenye siku hiyo baada ya miaka anakumbuka hasa hamu ya kusubiri, na hamu haitunzi tarehe vizuri.

Kwa hiyo anza na tarehe yenyewe. Kuna siku nne ambazo mashabiki huzigeuza kuwa moja: siku ya fununu, siku ya tangazo, siku tiketi zilipoanza kuuzwa, na siku ya onyesho la kwanza. Kwa ziara ya Oasis, bendi ya Uingereza, dokezo lilitoka 25 Agosti 2024, tangazo 27 Agosti saa mbili asubuhi kwa saa za London, tiketi zikauzwa kwa umma 31 Agosti, na onyesho la kwanza likawa Cardiff 4 Julai 2025. Kinachozidi kuwachanganya watu ni kwamba bendi hiyo ilivunjika Paris tarehe 28 Agosti 2009, siku moja tu mbele katika kalenda. Saa nazo zina lake: London ilipokuwa saa mbili asubuhi, Honolulu bado ilikuwa usiku wa tarehe 26. Shika saa za mahali tangazo lilipotolewa, kisha uandike hivyo waziwazi.

Ushahidi wa ziara za enzi ya intaneti utafute kwenye Wayback Machine, hifadhi ya mtandaoni ya nakala za kurasa za zamani. Weka anwani ya tovuti rasmi ya bendi, fungua nakala ya siku unayoishuku, kisha usome tarakimu 14 zilizomo ndani ya anwani ya nakala hiyo. Namba kama 20240827071500 ni mwaka 2024, mwezi 08, siku 27, saa 07:15:00 kwa saa za UTC, yaani saa za dunia za kulinganishia. Uingereza wakati wa kiangazi huongezi ila saa moja. Kumbuka kwamba nakala hiyo inathibitisha ukurasa ulikuwepo kufikia wakati huo. Haithibitishi kwamba ndipo ulipowekwa. Tafuta na nakala ya mwisho isiyo na tangazo, maana ukweli uko kati ya hizo mbili. Kwa ziara za zamani zaidi, gazeti la kila siku huandika habari kesho yake, na jarida la kila mwezi mara nyingi hubeba jina la mwezi ambao bado haujafika.

Pili, usichanganye ziara iliyotangazwa na ziara iliyofanyika. Oasis walitangaza maonyesho 14 Uingereza na Ireland, siku mbili baadaye wakaongeza 3. Led Zeppelin walitangaza tarehe 12 Septemba 2007 kwamba wangepiga O2 Arena, London, tarehe 26 Novemba. Mpiga gita wao, Jimmy Page, akavunjika kidole, onyesho likahamia 10 Desemba. Chora jedwali la safu tatu: mji, tarehe iliyotangazwa, tarehe ya kweli. Katika jedwali hilo fulana ya ziara ni shahidi mzuri wa safu ya katikati, kwa sababu mgongo wake huchapwa mapema na maonyesho yaliyofutwa hubaki palepale. Kwa safu ya tatu ni shahidi mbaya, na mabishano mengi ya mashabiki huanzia hapo.

Sasa tiketi, ambazo ndizo zinazoharibika kimyakimya. Tiketi nyingi zilizochapwa dirishani papo hapo ni za karatasi inayochapwa kwa joto, aina ileile ya risiti za dukani. Maandishi yake si wino uliomwagwa juu. Ni kemikali iliyomo ndani ya karatasi inayogeuka nyeusi ikipashwa joto. Ndiyo maana ukipiga tiketi hiyo laminesheni ya moto, yote inakuwa nyeusi, na hakuna dawa. Pasi ya nguo nayo vivyo hivyo. Upande wa pili, maandishi hufifia kwa mwanga, kwa joto la polepole, na kwa vilainishi vinavyotoka kwenye plastiki ya PVC. Mifuko laini ya PVC yenye harufu kali ya plastiki ni adui. Tumia ya poliesta au polipropilini. Albamu za zamani zenye kurasa za gundi na karatasi ya plastiki juu nazo zikwepe, na selotepu usiiguse kabisa.

Kabla ya kuhifadhi, piga skani. Tiketi: nukta 600 kwa inchi, kwa rangi, faili ya TIFF, mbele na nyuma. Bango: 300 zinatosha. Skani ya rangi ina maana hata kama tiketi ni nyeusi na nyeupe, kwa kuwa maandishi yaliyofifia huacha rangi hafifu; ukizitenganisha chaneli za nyekundu, kijani na buluu kwenye programu ya picha, mara nyingi mojawapo, hasa ya buluu, itaonyesha herufi ambazo jicho halizioni. Usijaribu kuzifufua kwa kikausha nywele. Baada ya hapo weka karatasi gizani, mahali pakavu, unyevu kati ya asilimia 30 na 50.

Waliopata tiketi kwenye simu wana shida nyingine: tiketi inaweza kutoweka kwenye programu onyesho likishapita. Hifadhi barua pepe ya uthibitisho kama faili kamili, si picha ya skrini tu, maana faili hubeba tarehe na saa ya kutumwa.

Fulana haina maneno mengi. Igeuze ndani nje, maji yasiyozidi nyuzi 30, ikauke kivulini, pasi isiguse mchoro. Ikikunjwa, weka karatasi isiyo na asidi kati ya mchoro na mchoro, kwa sababu wino wa plastiki hushikana kwenye joto. Atakayekwambia mshono mmoja kwenye pindo unathibitisha fulana ni ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990, mwulize kwani wanaoghushi fulana leo wameshindwa kushona mshono mmoja.

Kanda za kaseti ndizo zinazohitaji mkono mtulivu. Watu walirekodi tangazo redioni, mahojiano, hata maonyesho. Kwanza vunja vile vijipande viwili vya plastiki vya mgongoni mwa kaseti, ili kitufe cha kurekodi kisifute kitu kwa bahati mbaya. Angalia kipande laini kinachousukuma utepe kwenye kichwa cha deki, yaani sehemu ya mashine ya kaseti inayosoma utepe. Kikiwa kimebanduka, sauti itakuwa hafifu na ya kuyumba, na dawa yake ni kuhamishia utepe kwenye ganda jipya la skrubu tano. Safisha kichwa kwa kijiti cha pamba na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, uache ikauke. Peleka kanda mbele hadi mwisho kisha irudishe, ili utepe ujikunje kwa mkazo ulio sawa.

Sikiliza kwa mono, yaani chaneli mbili zikiunganishwa kuwa moja, na uzungushe taratibu skrubu ndogo iliyo kando ya kichwa mpaka matoazi yasikike makali kuliko yote. Kichwa kisipolingana na kile kilichorekodi, sauti za juu hupotea, na hakuna programu itakayozirudisha. Rekodi kwenye faili ya WAV, biti 24, kHz 48, vilele visizidi desibeli -6. Kaseti ya dakika 90 itachukua takriban GB 1.5.

Kasi hupimwa kwa mngurumo wa umeme ulionaswa kwenye rekodi. Ulaya umeme ni Hz 50, Marekani Hz 60. Ukiona kwenye chati ya masafa ya rekodi ya Ulaya mstari uko 51.5, kanda inakwenda kasi kwa asilimia 3, ipunguze. Lakini simamisha kanda kwanza: mngurumo ukibaki, ni wa deki yako na hauna la kukwambia.

Mkikutana siku yenyewe, kila mmoja aandike peke yake kabla ya mazungumzo: alipata habari wapi, alitafuta mji gani kwanza, alitaka kwenda na nani. Baada ya nusu saa ya maongezi kila mtu atakuwa anakumbuka kumbukumbu ya mwenzake. Chezeni nyimbo zilizokuwa zimeshatoka kufikia siku ya tangazo pekee. Albamu iliyofuata baadaye huwafanya watu waape kwamba waliitarajia. Na mkiweka picha za tiketi mtandaoni, zibeni jina, namba ya oda na misimbo, hasa kama ziara yenyewe bado inaendelea. Msimbopau (barcode) unaoonekana vizuri kwenye picha unaweza kunakiliwa na mtu akaingia nao langoni kabla yako.