Re: Trela ya filamu, neno limetoka wapi? (Usirekodi kwanza!)

Mkuu, hiyo sauti ya kueleza neno trela usiirekodi kesho. Umeuliza neno trela, yaani kipande cha kutangaza filamu ijayo, limetoka wapi. Lakini chini umeshajijibu kwamba "inaitwa trela kwa sababu inavuta watu waje kwenye filamu", na bango lina picha ya sumaku. Sentensi hiyo hiyo mimi niliichapisha kwenye vipeperushi, nikavilipia mara mbili. Ndiyo maana sina hata salamu.

Nenda Nala, hapo Dodoma, malori ya Singida yanapopita, utazame kipi kinavuta kipi. Kichwa ndicho kinavuta. Tela linaburutwa nyuma, na likichomoka linabaki barabarani kama ng'ombe aliyegoma. Tela la lori na trela ya sinema ni neno moja la Kiingereza, kutoka kitenzi "trail": kuburuzika, kufuata nyuma. Habari ya kuvuta wateja haimo kabisa.

Kinachopoteza watu ni kwamba leo trela inatangulia filamu, hivyo "nyuma" haiwaingii akilini, wanatunga maana. Miaka ya 1910 huko Marekani tangazo hilo lilikuja BAADA ya filamu. Tiketi moja iliweza kukuweka ukumbini kutwa, picha zikizunguka: filamu yenyewe, vichekesho, hadithi za mfululizo. Tangazo la picha ijayo liliungwa mwishoni, mkanda kwa mkanda. Hata kipande kitupu cha mkanda kwenye mkia wa rili (gurudumu la mkanda) kwa Kiingereza kina jina hilo hilo; cha mwanzoni kinaitwa lida, yaani kitangulizi. Sasa filamu ikiisha watu wanainuka, nani abaki kutazama tangazo? Likahamishiwa mbele, jina likabaki lile lile.

Anayetajwa sana kwa kuanzisha ni Nils Granlund, mtu wa matangazo wa kumbi za sinema za Marcus Loew, mwaka 1913. Tena alikuwa anatangaza The Pleasure Seekers, onyesho la muziki la jukwaani, wala si filamu!

Yule mkufunzi wa semina aliyetugawia slaidi za sumaku, Mungu anamwona. Cheti chake ninacho, nimekipiga na lamineti, kinafaa kufunikia mtungi.

Neno lolote ulize kwanza: kitu chenyewe kilikaa wapi siku kilipopewa jina? Kilipokaa leo hakikuhusu. Nasema tena, hakikuhusu.

Soma hivi: "Trela ni kipande cha kutangaza filamu ijayo. Jina linatokana na Kiingereza, kufuata nyuma, kwa kuwa zamani kilionyeshwa baada ya filamu." Hazifiki sekunde 15. Na hiyo sumaku kwenye bango ing'oe.