Damu ikisoma 46, mtazame tena mtoto

Wewe uliyepangiwa wodi ya watoto hapa Mwanza mwaka huu, utawaona mapema kuliko unavyodhani. Mmoja ana mdomo sungura na tundu la moyo, mwingine amefikisha miezi minane na shingo bado haijakaza. Wengine wametoka Misungwi, wengine wamevuka ziwa kutoka Ukerewe. Baadhi yao utawaombea kipimo cha kromosomu, zile nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli, na majibu yakirudi yameandikwa 46,XX au 46,XY, yaani idadi ya kawaida ya msichana au mvulana, utashusha pumzi. Mimi nilishusha mapema mno, na aliyelipia ni mama wa watu.

Kila binadamu huanza na seli moja. Kosa likitokea seli zinapogawanyika siku za mwanzo za mimba, mtoto hukua akiwa na makundi mawili ya seli: moja lina kromosomu 46 za kawaida, jingine lina iliyozidi au iliyopungua. Mara nyingine huwa kinyume: mimba huanza na kromosomu ya ziada, kisha baadhi ya seli zikaipoteza njiani. Huo ndio umozaiki. Katika kila watoto 100 wenye sindromu ya Down, yaani wenye kromosomu namba 21 ya ziada, takriban 2 wana umozaiki. Kwa sindromu ya Turner, ya wasichana waliopungukiwa kromosomu X moja, ni wengi zaidi.

Fikiria sufuria ya makande yasiyokorogwa vizuri. Ukichota kijiko kimoja juu ukapata mahindi matupu, huwezi kuapa kwamba maharage hayamo. Kwa kawaida maabara huhesabu seli 20. Kama yenye kasoro ni 1 katika kila 10, uwezekano wa kuhesabu 20 bila kukutana na hata moja ni karibu asilimia 12. Ukihesabu 50, uwezekano huo hushuka chini ya asilimia 1. Chukua kikokotoo ujithibitishie: 0.9 izidishwe yenyewe mara 20, kisha mara 50. Ndiyo maana nakusihi ujaze fomu kwa ukamilifu. Mtu wa maabara hamuoni mtoto, anaiona fomu tu. Andika ulichokiona mwilini, andika kwamba unashuku umozaiki, omba seli ziongezwe. Usiandike "kasoro za kuzaliwa" ukaishia hapo. Naye akikuambia amekuta seli moja tu yenye kasoro, usikimbilie kutoa jina la ugonjwa, kwani seli moja inaweza kuharibika kwenye chupa ya kukuzia. Kromosomu ya ziada ionekane ileile kwenye seli 2 au zaidi. Iliyopungua, kwenye 3.

Hesabu zote hizo lakini zinachukulia kwamba seli zenye kasoro zimo kwenye damu.

Mama mmoja alikuja na bintiye kutoka Nansio. Mara ya kwanza nilitoa damu nikaiweka kwenye tyubu ya kifuniko cha zambarau, yenye EDTA ya kuzuia damu kuganda, kwa mazoea ya kipimo cha wingi wa damu. Seli za kukuzwa maabara zinataka heparini, dawa nyingine ya kuzuia kuganda, kifuniko cha kijani. Sampuli ikakataliwa, mama akapanda meli tena na mtoto mgongoni. Mara ya pili majibu yalirudi ya kawaida. Nikamwambia kromosomu za mtoto hazina shida. Alifurahi sana, na furaha ile ndiyo inayoniuma hadi leo.

Miezi kadhaa baadaye alirudi, mtoto ameanza degedege lisilo na homa. Wakati anamvua nguo ili tumpime uzito, akapitisha kidole mgongoni kwa binti akasema, "Daktari, hii michirizi mbona haitoki? Nimepaka mafuta hadi nimechoka." Nikainama. Ilikuwa michirizi myembamba, hafifu kuliko ngozi yake, imeshuka kutoka kwenye uti wa mgongo na kujipinda ubavuni kama maji yanavyozunguka jiwe. Ni mistari ileile ambayo Alfred Blaschko aliichora mwaka 1901: njia ambazo seli za ngozi hufuata mtoto anapoumbika tumboni. Ngozi ikiwa na rangi mbili zinazofuata njia hizo, inakuonyesha makundi mawili ya seli kwa macho. Nywele za kwenye panja nazo zilikuwa chache. Nilikuwa nimeziona tangu siku ya kwanza, nikadhani zimesuguliwa na kitanda.

Kipande kidogo cha ngozi kilipokuzwa maabara, seli nyingi zilikuwa na kakromosomu ka ziada, mkono mfupi wa namba 12 uliojirudia. Ni sindromu ya Pallister-Killian, ambayo damu huificha mara nyingi. Ngozi huionyesha, na seli za ndani ya shavu zinazochukuliwa kwa kijiti cha pamba nazo husaidia.

Basi mvue mtoto nguo zote, kwenye mwanga mzuri. Kama kituo kina taa ya Wood, ile ya mwanga wa urujuanimno inayoonyesha tofauti za rangi ya ngozi, zima taa za chumba uitumie. Tazama viganja na nyayo pia: mifereji mirefu iliyozama sana inaweza kuwa ya trisomi 8 ya umozaiki, yaani baadhi ya seli zina kromosomu namba 8 tatu badala ya mbili. Mguu mmoja ukiwa mrefu au mnene kuliko mwenzake, uliza. Na mama akikuambia kuna kitu, tazama anachokuonyesha kabla hujamjibu.

Ukitaka ngozi, zungumza na maabara kabla ya kuichukua. Watu wengi huitumbukiza kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia vipande vya mwili, kama biopsi ya kawaida. Formalini huua seli, na seli iliyokufa haikui. Inatakiwa kimiminika cha kukuzia seli, isigandishwe, na ifike upesi.

Asilimia zitakupa taabu mbele ya wazazi. Damu ikiwa na kasoro kwenye seli 10 katika 100, usimwambie baba kwamba mtoto anaumwa asilimia 10. Hujui ubongo au moyo una ngapi. Mwambie tutamfuata mtoto mwenyewe: moyo upimwe kwa ultrasaundi, masikio na macho yapimwe, mazoezi ya viungo yaanze hata kama majibu ya ngozi hayajafika.

Yule mama aliniuliza swali moja tu, na alisubiri mama mkwe atoke nje kwanza: "Ni kitu nilichokula?" Nilikaa naye kwenye benchi, nikachora seli moja kwenye mgongo wa kadi ya kliniki, nikaigawa mbili, nne, nane, nikaweka nukta pale kosa lilipoingilia. Nikamwambia hakuna chakula chake, kazi yake wala ugomvi wa nyumbani uliofanya hivi. Akaomba kadi ile akamwonyeshe mumewe na mama mkwe. Nikaongeza mstari mmoja chini ya mchoro, kwamba mama hana kosa, nikaweka sahihi na mhuri.