Safu ya Wasomaji: Muziki Usiopigwa Redioni

Mwezi huu nimeweka kando barua za aina nyingine, kwa kuwa nne kati ya zilizofika zinagusa jambo moja lililo karibu sana na moyo wangu: maisha ya kila siku ya mtu anayependa muziki wa majaribio, ule unaopita chini kwa chini, huku akiishi Arusha au Moshi, ambako ni nadra kuusikia ukipigwa ukumbini na nadra zaidi redioni. Nimezifupisha kidogo, na majina ya waandishi nimeyaacha.

Shikamoo mwandishi. Nina miaka 24, ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha huku Unga Limited. Huu ni mwaka wa pili nasikiliza muziki wa kelele kwenye simu, ule usio na mdundo wala kiitikio, wakati mwingine ni muungurumo tu wa nusu saa. Baba anasema hiyo ni sauti ya mashine mbovu, na kwamba mambo hayo ni ya Wazungu. Wenzangu karakana wananicheka. Je, baba ana haki? Na nimjibu nini?

Marahaba mwanangu. Nianze na hilo la Wazungu, kwa sababu nimelisikia mara nyingi, hata kwa watu waliosoma muziki.

Vitabu vingi huanzia Paris mwaka 1948, pale Pierre Schaeffer, mhandisi wa redio, alipotengeneza muziki kutokana na sauti za treni alizozirekodi. Kazi hiyo ni kubwa na ninaiheshimu. Lakini miaka minne kabla yake, mwaka 1944, kijana wa Kimisri aitwaye Halim El-Dabh aliazima mashine ya kurekodia kutoka kituo cha redio cha Cairo, mashine nzito iliyohifadhi sauti kwenye waya wa chuma, akaenda nayo kwenye ngoma ya zaar, ambayo wasomaji wetu wa pwani wataitambua mara moja kuwa ni ndugu wa ngoma zetu za pepo. Alirekodi sauti za wanawake wakiimba. Aliporudi kituoni alianza kuipunguza sauti ya msingi ya waimbaji mpaka ikabaki ile ya juu yake, ule uzi mwembamba unaoelea juu ya sauti ya mtu bila sisi kuutambua, kisha akaurudisha katika chumba cha mwangwi. Ukisikiliza kipande kilichobaki cha kazi hiyo huwezi kusema kwa hakika kama unasikia watu au upepo. Kilifanyika Afrika, kwa ngoma ya Afrika, na kijana aliyekuwa na miaka 23.

Wala mambo hayakuishia Cairo. Jirani zetu wa Nairobi wana KMRU, mjukuu wa mwanamuziki mashuhuri Joseph Kamaru, ambaye hurekodi sauti za mitaani na za mazingira na kuzifuma taratibu katika muziki mpole, mrefu, unaobadilika kama mwanga wa jioni unavyobadilika. Albamu yake ya mwaka 2020 ilitolewa na lebo ya Editions Mego, inayoheshimika mno na wasikilizaji wa fani hii. Mwaka huohuo, kutoka Nairobi hiyohiyo, wawili waliojiita Duma walitoa albamu ya kelele na mayowe makali ambayo mimi mwenyewe, niliyezoea, ilinibidi niisikilize kwa vipande. Kutoka Arusha hadi Nairobi kupitia Namanga ni safari ya siku moja kwa basi. Usikubali kuambiwa kwamba muziki huu umetoka mbali.

Sasa baba yako. Nisingekushauri umsomee historia hii, kwani mzazi hapendi kufundishwa na mwanawe mbele ya watu. Muulize badala yake kuhusu sauti anazozijua yeye.

Nikiwa mtoto nilikuwa nikitumwa na debe la mahindi kwenye mashine ya kusaga, na mwenye mashine alikuwa mzee aliyekaa kwenye kigoda karibu na mlango, amegeuzia kinu mgongo, akitazama barabara. Mahindi yalipokaribia kwisha ndani ya bakuli la juu, mashine ilipoteza mzigo, ikaanza kukimbia, na sauti yake ikapanda polepole, kwanza kama mtu anayevuta pumzi, kisha kama anayetaka kuimba. Mzee alinyanyua mkono bila kugeuka na kusema, "Mimina." Hakuwahi kukosea. Wakati ule nilimwona kama mganga. Siku hizi naelewa kwamba alikuwa msikilizaji bora kuliko wote niliowahi kukutana nao, na kwamba muziki unaoupenda wewe unadai sikio la namna hiyohiyo: sikio lisilosubiri wimbo uanze, bali linalofuata jinsi sauti inavyopanda, inavyozidiwa na inavyopumua. Wewe mwenyewe unalo. Diski ya grenda ikigusa bomba jembamba hulia tofauti na inapogusa pande nene, na sidhani kama unatazama ili ujue. Kaa na baba siku moja, mweleze hilo kwanza, halafu mpe dakika tano tu za muziki mpole kwa sauti ya chini. Akisema bado haupendi, umwache. Ametoa haki yake kwa kusikiliza.

Jambo moja naliongeza kwa uzito wote. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba sauti ya desibeli 80 ni salama kwa saa zipatazo 40 kwa wiki, lakini ikifika desibeli 90 muda huo unashuka hadi saa 4 hivi. Grenda huvuka kiwango hicho cha pili. Maana yake ni kwamba karakana inamaliza akiba ya masikio yako kabla hujafungua simu. Vaa vizibo vya masikio kazini kila siku, na usiku usisikilize muziki wa kelele kwa sauti kubwa ukidhani ndivyo ulivyokusudiwa. Masikio yakianza kupiga mluzi baada ya kazi, usiku huo usiweke muziki kabisa. Nakuomba kama ninavyomwomba mwanangu.

Mwandishi, je, singeli ni muziki wa majaribio au ni wa vigodoro tu? Tumebishana kijiweni hapa Majengo, Moshi, hadi saa tano usiku.

Ni vyote viwili, na sioni aibu katika lolote. Muziki huu ulizaliwa katika vigodoro, zile sherehe za mitaani za Dar es Salaam, kutokana na mchiriku na vipande vya taarabu vilivyokatwa na kurudiwarudiwa, na ukakimbizwa hadi midundo 200 na wakati mwingine kukaribia 300 kwa dakika. Hakuna profesa aliyewatuma vijana wale kujaribu. Walijaribu kwa sababu wachezaji walitaka kasi zaidi, na kompyuta iliyokuwapo iliweza kuitoa. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilikusanya kazi za studio ya Sisso iliyopo Mburahati katika albamu moja, na wasikilizaji wa Ulaya wakaanza kuuita muziki wa majaribio. Jina hilo halikubadilisha hata mdundo mmoja. Kwa hiyo aliyesema ni majaribio na aliyesema ni wa vigodoro wote walikuwa sahihi, na mngelala mapema.

Ndugu mwandishi, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Pasua, Moshi. Napenda muziki wa taratibu wa kielektroniki na wa sauti zilizorekodiwa porini. Shida yangu ni bando. Nikisikiliza mtandaoni linaisha kabla ya mwezi kufika katikati. Nikipokea nyimbo kutoka kwa marafiki kwa simu zinafika zimefifia. Tena najisikia vibaya kwamba wasanii hawapati chochote. Nifanyeje kwa mshahara wangu?

Mwalimu, umeuliza mambo matatu na yote yanafungwa na hesabu moja.

Muziki ulioshindiliwa kwa kiwango kizuri, kilobiti 320 kwa sekunde, hula takribani MB 2.4 kwa dakika. Albamu ya dakika 45 ni kama MB 108. Ukiisikiliza mtandaoni mara kumi, na albamu za aina hii hazifunguki kabla ya mara kumi, umetumia zaidi ya GB 1 kwa kazi moja tu. Ukiipakua mara moja, kwa bando la usiku, umelipa MB 108 na basi. Usisikilize mtandaoni ila kwa kuonja. Kilichokugusa kipakue na ukiweke kwenye kadi memori.

Kuhusu kufifia, si masikio yako. Mafaili yanayorushwa kutoka simu hadi simu mara nyingi yameshindiliwa mno ili yawe mepesi, na programu inayoshindilia hufanya hivyo kwa kutupa sauti inazodhani hatutazikosa. Kwa wimbo wa kawaida wenye mwimbaji mbele, hasara ni ndogo. Kwa mvua, majani, mawimbi na muungurumo ni balaa, kwa sababu sauti za aina hiyo hazina mpangilio wa kujirudia ambao programu inaweza kuukumbuka kwa ufupi. Ndiyo maana mvua iliyorekodiwa vizuri hukufikia ikiwa kama mtu anayesukutua maji mdomoni. Anayependa muziki wako wewe anahitaji faili zuri kuliko anayependa dansi.

Na malipo. Wengi wa wasanii hawa huuza wenyewe kupitia Bandcamp, tovuti iliyoanza mwaka 2008, ambayo hukata asilimia 15 ya mauzo ya faili na sehemu kubwa ya kinachobaki huenda kwa msanii au lebo yake. Unaweza kusikiliza kabla ya kununua, na ukishanunua unachagua mwenyewe ubora wa faili. Kampuni zetu za simu hutoa kadi za malipo ya mtandaoni zinazochota kwenye akaunti yako ya simu, hivyo huhitaji kwenda benki. Mimi hununua albamu moja kila baada ya miezi miwili, na siogopi kukueleza kwamba ndiyo matumizi ninayoyatetea kuliko mengine yote nyumbani kwangu. Albamu sita kwa mwaka, kila moja ikisikilizwa hadi uijue kama njia ya kwenda shuleni kwako, ni maktaba ya kutosha. Wapo wenye maelfu ambao hawajasikiliza hata sita.

Shikamoo. Mimi ni binti wa Usa River, nafanya kazi Arusha mjini. Nimechoka kusikiliza peke yangu. Niliwaalika marafiki wanane nyumbani tusikilize albamu moja pamoja, na ndani ya robo saa walikuwa wote kwenye simu zao, wawili wakaaga. Wanasema Arusha ni mji wa hip hop, mengine tuwaachie watalii. Je, nijaribu tena?

Marahaba, jaribu tena, ila si kwa namna ileile.

Hao wanaosema Arusha ni mji wa hip hop wanasema kweli, nawe usishindane nao, bali uanzie hapo. Kundi la X Plastaz lilianza hapahapa miaka ya 1990, likachukua uimbaji wa Kimasai wa mwenzao Merege, ile sauti nzito ya kooni inayokwenda na kurudi, likauweka pamoja na mashairi ya Kiswahili, na albamu yao ikatoka Ujerumani mwaka 2004. Kabla ya hapo ni nani angesema vitu hivyo vitakaa chumba kimoja? Waanzishie rafiki zako hapo, kwa sauti wanayoijua, kisha wapeleke hatua moja tu mbele.

Kosa ulilofanya nalijua kwa kuwa nimelifanya. Miaka kadhaa iliyopita niliwaita watu saba nyumbani Kijenge, nikawawekea kipande cha dakika 40 kwenye sabufa bila neno lolote, nikidhani ukimya wangu ni heshima kwa muziki. Kipande kilipoisha walikuwa wamebaki watatu, na mmoja wao alikuwa amesinzia. Nilihuzunika kwa wiki nzima. Kisha mmoja wa wale wawili wasiosinzia akaniambia jambo lililonisaidia: "Nilikuwa ndiyo naanza kuelewa ulipozima."

Tangu siku hiyo naweka kipande kifupi, kisichozidi dakika 8, na nakipiga mara mbili. Kabla ya mara ya kwanza nasema kwa sentensi moja kilivyotengenezwa: hii ni sauti ya daraja, huyu alipunguza mwendo wa kaseti, yule aliweka kinasa ndani ya mtungi. Baada yake tunanyamaza kidogo, namimina chai ya tangawizi, kila mtu anasema alichosikia hata kama ni "nilisikia jokofu". Halafu tunarudia. Mara ya pili watu hukaa tofauti, utaona mabega yakishuka, na yule aliyesikia jokofu ndiye anayeinua kidole kuonyesha wapi linaingia. Simu nazikusanya kwenye ungo mlangoni, na hakuna aliyewahi kukasirika, kwa kuwa naweka yangu kwanza.

Alika wanne, si wanane. Epuka jioni za masika, maana mvua kubwa juu ya bati itafunika kila kitu chini ya sauti ya kawaida ya mazungumzo. Saa moja inatosha, ili wa Usa River na wa Sakina wote wawahi daladala.