Maswali ya Wasomaji: Miaka tisa na kampuni moja ya simu, nihame au nibaki?

SWALI: Kaka shikamoo. Mie nina miaka tisa natumia simu za kampuni moja tu, nimebadilisha simu nne zote zao, saa ya mkononi yao, tableti yao, na apu nimelipia nyingi kwenye duka lao. Sasa betri haifiki hata mchana, nikiangalia simu za upande wa pili naona kamera nzuri na bei nafuu, ila nikitaka kuhama roho inasita, nahisi kama nawatupa watu wangu. Mdogo wangu ananiambia hao hata jina lako hawalijui. Hivi uaminifu wetu sisi wateja una maana yoyote? Na apu zangu nikihama zitanifuata?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nianze na hilo la mwisho maana ndo linaloumiza watu, apu hazitakufuata. Uliyolipia App Store, duka la simu za Apple yaani iPhone, inabaki App Store, ya Google Play, duka la simu za Android, inabaki Google Play, hata kama apu ni ileile na aliyeitengeneza ni yuleyule, ukivuka upande wa pili unalipa upya. Pale tunapobonyeza kitufe cha kununua wengi tunadhani kitu kimekuwa chetu, kumbe tumepewa ruhusa ya kukitumia tu na ruhusa yenyewe ina masharti. Jimbo la California kule Marekani limeweka sheria iliyoanza Januari 2025, muuzaji wa vitu vya kidijitali hawezi kuandika neno kununua bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Nilipoisoma habari hiyo nilifurahi kwa kweli, maana ni jambo ambalo tulitakiwa kuambiwa toka siku ya kwanza.

Ila usikate tamaa, siyo vyote vinapotea. Kile kinachokaa kwenye akaunti ya huduma yenyewe unakwenda nacho, muziki wa kulipia kwa mwezi, picha ulizozihifadhi mtandaoni, mafaili ya kazi, unaingiza emaili na paswedi kwenye simu mpya unavikuta. Meseji za WhatsApp nazo siku hizi zinahamishika kati ya iPhone na Android, lakini hilo lifanye mwanzoni kabisa wakati unaiseti simu mpya, usisubiri wiki mbili. Kinachobaki nyuma ni apu na gemu ulizolipia mara moja, pamoja na vile vitu vya ndani ya gemu. Kwa hiyo kaa chini siku moja, fungua akaunti yako ya duka, kuna sehemu inaonyesha kila ulichowahi kulipia, andika zile ambazo bado unazitumia kweli kweli. Mie nilipofanya hivyo nilikuta nimelipia apu zaidi ya arobaini na ninazogusa kila wiki zilikuwa sita. Sita tu! Hofu yote ya kuhama ilikuwa juu ya apu sita.

Saa yako je? Hapo pana ukuta. Apple Watch inataka iPhone, na saa za Samsung kuanzia Galaxy Watch4 ya mwaka 2021 hazifanyi kazi na iPhone, yaani ukihama simu na saa umeiacha. Spika za masikioni hazina shida kubwa, zinaunga kwa Bluetooth popote, utapoteza tu baadhi ya mbwembwe zake.

Jambo lingine watu wanalisahau halafu wanalia, ukiwa na malipo ya kila mwezi uliyojiunga kupitia duka, kufuta apu hakusitishi malipo na kuuza simu hakusitishi malipo. Ingia kwenye akaunti, sehemu ya usajili, sitisha moja moja, ndo uhame.

Sasa kuhusu uaminifu. Mimi ni mteja mwaminifu kwa tabia, kitu kikinifaa sihangaiki kutafuta kingine, kwa hiyo swali lako linanigusa. Miaka ya nyuma nilikuwa na simu ya kampuni ambayo sitaitaja, niliipenda sana ile simu, skrini yake ilikuwa rahisi kusoma, nilimshawishi karibu kila mtu wa karibu yangu anunue. Nikalipia kamusi, ramani, apu ya kuandikia. Halafu taratibu watengenezaji wa apu wakaanza kuondoka, apdeti zikakoma, mwisho duka lenyewe likafungwa. Simu ilikuwa bado nzima kabisa, kioo hakina hata mkwaruzo, lakini nikiifuta ile kamusi sina pa kuipakua tena. Niliumia, tena kilichoniuma zaidi ya hela ni kuona wale niliowashawishi nao wamekwama kwa sababu yangu.

Toka siku hiyo nikibadilisha simu kitu cha kwanza naangalia duka lake la apu, kamera baadaye. Na maduka yanakufa jamani, tusijidanganye. Duka la Windows Phone, simu za Microsoft, lilifungwa Desemba 2019, Amazon nao duka lao la apu kwenye simu za Android walilifunga Agosti 2025. Hata duka likiwa hai apu inaweza kufa ndani yake, mwaka 2017 ilipotoka iOS 11, yaani toleo jipya la mfumo unaoendesha iPhone, apu zote zilizotengenezwa kwa muundo wa zamani unaoitwa biti 32 ziligoma kufunguka, kama mtengenezaji hakuifanyia apdeti basi uliyolipia ilibaki alama tu kwenye skrini.

Kwa hiyo uaminifu una maana, ila uwe unalipwa. Kampuni inayomheshimu mteja wa muda mrefu inamtunzia simu aliyonayo tayari. Google walipotoa simu yao ya Pixel 8 mwaka 2023 waliahidi apdeti za miaka 7, Samsung wakafuata na Galaxy S24 mwaka 2024, hiyo kwangu ni heshima inayopimika. Angalia kampuni yako imeahidi simu yako miaka mingapi na imebaki mingapi.

Na mdogo wangu kabla hujahama popote badilisha betri kwanza. Nimesoma barua yako mara mbili, lalamiko la simu yenyewe ni hilo moja tu, betri. Betri za lithiamu zinachoka, hiyo ni kemia yake, kila ukichaji uwezo unapungua kidogo, na betri ikichoka sana hata kasi ya simu inaweza kushuka. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba programu yao ilikuwa inapunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka ili zisizime ghafla, watu walikasirika mno kwa sababu hawakuambiwa, wengi walishanunua simu mpya wakati betri mpya ingetosha, ndipo kampuni ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Weka betri mpya, tumia mwezi mmoja, kama bado unaitamani ile ya upande wa pili basi hama bila kujilaumu.

SWALI: Habari kaka. Nikiona apu ina nyota nne na nusu na imepakuliwa na mamilioni, si ina maana ni salama?

JIBU: Hapana dada, ina maana inapendwa, usalama ni kitu kingine. Mwaka 2013 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilimbana mtengenezaji wa apu ya tochi ya Android iliyokuwa imepakuliwa mara makumi ya mamilioni, kumbe ilikuwa inapeleka taarifa za mahali mtu alipo kwa watu wa matangazo. Tochi! Tochi inataka kujua uko wapi ili iweje? Swali hilohilo jiulize kwa kila apu inayoomba kamera, maiki au namba za watu wako. Na zile taarifa za faragha zinazowekwa kwenye ukurasa wa apu dukani zinajazwa na mtengenezaji mwenyewe, zisome lakini usizifanye ushahidi. Mie maoni nayasoma kuanzia nyota mbili na tatu, ya wiki za karibuni, hapo ndo unakuta watu waliotumia kweli wakakwama mahali.

SWALI: Mbona watengenezaji wa apu wanapigana na Apple na Google mahakamani, sisi wateja inatuhusu nini?

JIBU: Inakuhusu mfukoni ndugu yangu. Maduka yalizoea kukata asilimia 30 ya malipo, toka 2021 wengi walio wadogo wanakatwa 15, na makato hayo mara nyingi yanaishia kwenye bei unayolipa wewe. Epic Games, wenye gemu ya Fortnite, waliweka njia yao wenyewe ya malipo ndani ya gemu hiyo Agosti 2020, gemu ikaondolewa kwenye maduka yote mawili siku hiyohiyo, wakaenda mahakamani. Aprili 2025 jaji wa Marekani akaiamuru Apple iache kuwazuia watengenezaji kumwelekeza mteja alipie nje ya duka, na Ulaya toka Machi 2024 iPhone zinaruhusiwa kuwa na maduka mengine. Kwa hiyo kabla hujajiunga na huduma yoyote ndani ya apu fungua tovuti ya huduma yenyewe ulinganishe bei, mie nimeshakuta bei ya tovuti iko chini kwa huduma ileile, nikasitisha kule dukani nikajiunga upya kwenye tovuti.